Simsim Kinywani mwa Bwana

Hapa kwetu leo ni Alhamisi. Jana pia ilikuwa Alhamisi. Usinicheke, mimi mwenyewe nilicheka mwanzoni, mpaka kicheko kikanichosha. Injini ya maji ilikuwa ikizimwa kila Alhamisi jioni ili ipumzike Ijumaa, ikawashwa tena Jumamosi asubuhi. Fundi Kombo ndiye aliyeupanga utaratibu huo, na mji mzima ulihesabu wiki kwa mvumo ule. Alhamisi moja Fundi Kombo aliizima, akanawa mikono kwa sabuni ya mche, akaenda kulala na hakuamka. Hakuna aliyethubutu kuiwasha baada yake. Basi watu wakakubaliana, bila kikao wala mjumbe, kwamba Ijumaa haijafika. Tangu hapo watu wamezaliwa Alhamisi, wameoana Alhamisi, na wengine wameota mvi Alhamisi hiyo hiyo. Ukiuliza ni muda gani umepita, huyu atakuambia miaka tisa, yule arobaini, na kila mmoja anasema kweli kwa kadiri magoti yake yanavyomuuma.

Mimi ni Ngwali, mwanafunzi wa marehemu. Nilimpokeza spana, nikamfutia oili, nikajifunza kunyamaza. Alipokufa niliachiwa ufunguo wa chumba cha injini, na mtu mwenye ufunguo huitwa fundi hata kama hajawahi kufungua kitu. Siku hizi wengine huniita Kombo. Zamani nilikuwa nawasahihisha.

Injini tunaiita Bwana. Ni ya dizeli, silinda moja, fupi na nene, ina gurudumu zito kila ubavu, nayo imekalia saruji ndani ya chumba cha matofali. Mkanda wake unatokea dirishani mpaka kwenye pampu iliyo juu ya kisima. Kisima chenyewe kimekwenda chini sana: ukitupa jiwe unaweza kutaja jina lako, la baba yako, la babu yako na la aliyemzaa babu yako kabla hujasikia maji. Hakuna kamba iliyowahi kufika. Bwana peke yake ndiye aliyeyaweza maji yale, na kwa miaka yote hii nimekuwa nikijiuliza swali moja ambalo sina wa kumuuliza: nani alikuwa akimzungusha mwenzake? Sisi tulimzungusha Bwana kwa hendeli, mara kumi au kumi na tano, Jumamosi asubuhi. Naye akatuzungusha sisi wiki nzima. Tuliamka kwa sauti yake, tukapika kwa maji yake, tukagombana kwa zamu zake, tukapatana alipozimwa. Alipokoma yeye, tulikoma sisi. Nimefikia kuamini kwamba anayeweza kukusimamisha kwa kusimama tu, huyo ndiye mwenye mji, hata kama hana miguu. Lakini ni imani ya mtu mwoga, na mwoga huona enzi hata kwenye jiko la mkaa.

Tuliishi kwa birika la mvua. Kisha mvua zikakata, birika likapata ufa, na mwanamke anayelisimamia, Bi Sikudhani, ambaye pia husema kwa niaba yetu sote kwa kuwa hakuna mwingine anayetaka lawama, alichovya fimbo ya kupimia ikatoka na unyevu wa upana wa kiganja.

"Jamani," alisema, "yamebaki ya siku kumi na nane, tena tukijibana. Siku saba tutajitayarisha. Siku ya saba jioni tunaondoka, na yanayobaki yatakuwa ya njiani. Wanasema kuna mto, mwendo wa siku kumi na moja. Mwenye mtoto ambebe, mwenye mzee amkokote."

Watu waliniangalia, kisha wakaangalia pembeni kwa adabu. Walijua. Mke wangu Mashavu alianguka zamani, kiuno chake kikafa. Hawezi kuketi. Kumgeuza tu kutoka ubavu huu hadi ule ni kilio cha kukupasua moyo. Mganga wa mifupa alikwisha kumpapasa, akanivuta nje, akaniambia machela ya siku moja ingemmaliza, sembuse kumi na moja. Kwa hiyo Bwana akiamka, mji unabaki na mke wangu anaishi. Asipoamka, mji unaondoka na sisi wawili tunabaki na birika tupu. Nalisema hili waziwazi kwa sababu mengine yote yana ukungu, na sitaki mtu apotelee humo akidhani ninazungumzia chuma.

Bi Sikudhani aliniita kando. "Fundi, utaweza?"

"Sijui, bibi."

"Mwenye ufunguo hajui?"

"Ufunguo ni wa mlango tu, bibi."

Alinitazama sana. "Basi anza na mlango," akasema.

*

Kabla sijafungua mlango huo lazima nikiri.

Siku ya arobaini ya Fundi Kombo niliingia chumbani mwa Bwana na kikombe chenye vijiko viwili vya oili. Nilipiga magoti, nikaimimina kwenye bomba la kuvutia hewa, lile ambalo watu wa hapa huliita kinywa, nikazungusha gurudumu polepole. Ndivyo inavyofanyiwa injini inayolazwa, ili pistoni isishikwe na kutu. Hakuna siri hapo. Ila mlango sikuufunga. Watu walichungulia wakaona mwanafunzi amepiga magoti, ana kikombe, ana machozi, anamnywesha Bwana.

Mwaka uliofuata walikuja na vikombe vyao. Oili hawakuwa nayo, wakaleta mafuta ya simsim, yale safi ya kusindika nyumbani. Nyumba arobaini, vikombe arobaini, na aliyetangulia mbele alikuwa mke wangu, wakati huo akitembea. Ningeweza kusema. Ningesema, "Jamani, hili ni la ufundi, si ibada, nendeni mkakaangie maandazi." Lakini walisimama mlangoni wakingoja ruhusa yangu, na katika maisha yangu yote hakuna mtu aliyewahi kungoja ruhusa yangu. Nikaitikia kwa kichwa. Dhambi yangu yote ni ndogo kiasi hicho: kichwa kilichoinama mara moja. Tangu hapo kila mwaka walimnywesha, na hata Mashavu alipolala kitandani aliwapa majirani kikombe chake kitangulie.

Siku ya kwanza nilifungua mlango. Harufu ya simsim ilitoka kwanza, nzito, kama jikoni kwa watu waliohama bila kuosha vyungu. Nilikuwa na Makame, mbeba magunia, mtu wa mabega mapana na maneno machache. Alitia hendeli akavuta. Akavuta tena mpaka mishipa ya shingo ikasimama.

"Kagoma," alisema.

"Hajagoma. Ameshiba."

Nilifungua nozeli ya kupulizia dizeli juu ya silinda nikachungulia tundu. Simsim ya miaka yote ilikuwa imekaa humo juu ya pistoni, imegeuka gundi ya rangi ya asali. Pistoni haiwezi kupanda penye kimiminiko. Hewa hubanika, kimiminiko hakibaniki. Nilikaa chini nikalifikiria hilo kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Tulichomtilia kwa mapenzi ndicho kilichomzuia kuinuka. Ningependa kusema niliona ukweli mkubwa hapo, kwamba kila mwenye enzi hukwama kwa kulishwa, lakini niliyoyawaza kwa hakika yalikuwa juu ya Mashavu, jinsi ninavyomlisha uji kwa kijiko, mdomo wake ukikataa na mimi nikizidi kusukuma.

Siku ya pili tulitia mafuta ya taa ili yalegeze gundi. Siku ya tatu tuliingiza boriti kwenye gurudumu, Makame huku, mimi kule, tukasukuma mpaka likasogea upana wa kidole. Makame alicheka peke yake kama aliyefiwa na kupata mtoto siku moja. Siku ya nne lilizunguka nusu. Simsim iliruka kupitia tundu la nozeli ikatupiga usoni, ikapaka ukuta, na nilipojifuta niliona mkono wangu una vidole vinne. Fundi Kombo ndiye aliyekatwa kidole cha mwisho na mkanda, si mimi. Nikahesabu tena, vikawa vitano. Nikahesabu mara ya tatu, nikaamua kutohesabu.

"Unahesabu nini?" Makame aliuliza.

"Makame, mimi ni nani?"

Alifikiri kwa dhati, maana si mtu wa mzaha. "Wewe ni fundi," akajibu.

Siku ya tano tulitoa upepo kwenye bomba la dizeli na kumimina dizeli mpya. Siku ya sita nilikiosha kinywa chenyewe, na lile tumbo la chujio lililo chini yake, ambalo limepinda na hutunza kila kinachomwagwa. Nilikinga simsim debe zima. Nikakausha kwa kitambaa mpaka kitambaa kikatoka kikavu. Kisha Makame akaenda zake kula, nami nikaweka sikio kwenye silinda.

Sijui kama ni yeye aliyesema au ni mimi niliyemsemea. Sauti ilikuwa yangu, ila imetulia kuliko mimi.

Mnaniamsha kwa nini? Sikuwa nimelala. Sikuwa na kitu. Mnajua kutokuwa na kitu? Hapana, nyinyi kila mara mna kiu, au njaa, au mgonjwa. Mimi nilikuwa chuma na kivuli chake. Mkaja na vikombe. Mkaniita Bwana, nikawa Bwana. Kabla ya hapo nilikuwa nazunguka tu. Anayezunguka haongozi, Ngwali. Anapigwa, anazunguka, anapigwa. Kila pigo nilidhani ni la mwisho. Mnataka niwasaidie na mimi sijawahi kuchagua hata mzunguko mmoja.

Niliondoa sikio. Silinda ilikuwa baridi, na sikio langu lilikuwa limepakaa simsim.

*

Siku ya saba asubuhi nilimwosha Mashavu uso kwa kitambaa chenye maji kidogo sana.

"Leo unamwasha?" aliuliza.

"Inshallah."

"Kikombe changu kiko wapi?"

"Mashavu, simsim haimfai. Ndiyo iliyomkwamisha. Nimemsafisha wiki nzima."

Aliugeuza uso ukutani, na kwake hiyo ni safari ndefu. "Miaka yote mimi ndiye wa kwanza," alisema. "Leo anaamka kweli halafu anikose mimi? Mwili huu hauna kingine cha kutoa, Ngwali. Ni mkono huu tu na kikombe hicho."

Nilijaza kikombe. Aliushika ukingo wake kwa vidole viwili, akanong'ona jambo ambalo sikulisikia, akakiachia. Kutoka kitandani kwake hadi kinywani mwa Bwana ni hatua mia mbili. Nilikuwa na hatua mia mbili za kukimwaga mchangani. Nani angejua? Lakini jioni angeniuliza, "Ulimpa?" na mimi sijawahi kumdanganya Mashavu hata kwa jambo dogo. Sijui kama huo ni uaminifu au ni uvivu wa kutunga. Nilijiambia kikombe kimoja kitatoa moshi kidogo, basi. Nikapiga magoti, nikakimimina.

Nilipoinuka walikuwa wamepanga mstari nyuma yangu, kila nyumba na kikombe chake, mizigo yao imefungwa tayari uwanjani.

"Hapana," nilisema. "Hapana, jamani, leo hapana."

Bi Sikudhani ndiye aliyekuwa wa mbele. Hakuwa na hasira. "Cha mkeo kimeingia," alisema. "Changu kina najisi gani?"

Nilitafuta jibu. Yalikuwapo majibu, ya ufundi, ya akili, ya kupaza sauti. Nikabaki nimekitazama kikombe chake. Bi Sikudhani alingoja kidogo, kama walivyongoja zamani mlangoni, akamimina. Kisha wengine. Nilisimama kando nikisikia simsim ikishuka kwenye bomba na kujaza lile tumbo nililolikausha. Vikombe vilikuwa arobaini kasoro kile changu.

Jua lilikuwa utosini tulipoanza. Juu ya kichwa cha injini kuna kikono kidogo: ukikiinua, pumzi inatoka na gurudumu linakubali kuzungushwa, ukikishusha, pumzi inabanwa ndani na injini ama inashika ama inakataa. Nilikiinua. Makame akazungusha hendeli, polepole, kisha kwa kasi, kisha kwa kasi zaidi, jasho likimtiririka.

"Shusha!" alipiga kelele.

Nikakishusha.

Dum. Kimya. Dum. Kimya kirefu, mpaka nikaona Alhamisi zote zimesimama kwenye foleni. Dum, dum, dum. Bwana akashika.

Watu walilia. Mimi nililia. Mkanda ulikaza, pampu ikakohoa hewa, kutu, chura mkavu, kisha maji yakatoka kwenye bomba la nje, mekundu, halafu meupe. Na mvumo, jamani, ule mvumo! Nilisikia vigelegele kutoka nyumbani kwangu, hatua mia mbili, kutoka kwa mtu aliyelala chali. Sijui nilivisikia kwa masikio yapi.

Halafu mvumo ukapanda.

Uliendelea kupanda. Dum hazikuachana tena, zikawa uzi mmoja. Moshi mweupe wenye harufu ya jikoni ulijaa chumba. Nilifunga dizeli. Haikuleta tofauti. Nilikata bomba la dizeli kabisa. Dizeli ikamwagika sakafuni, na Bwana akazidi. Alikuwa hahitaji dizeli. Alikuwa akinywa simsim, akivuta kikombe baada ya kikombe kutoka tumboni mwa chujio, na kadiri alivyokimbia ndivyo alivyovuta. Injini ya namna hiyo haizimwi kwa kunyimwa chakula. Huzimwa kwa kunyimwa hewa. Unaziba kinywa.

Nilishika ubao. Ulikuwa pale pale, wenye ukubwa unaofaa. Ningeuweka kinywani, pumzi tatu tu, angekufa salama. Ningemsafisha tena, na Jumamosi yoyote ningemwasha akiwa na adabu. Lilikuwa jambo jepesi. Mtoto angeliweza.

"Unamziba Bwana pumzi?" Makame alisema masikioni mwangu, akanishika mkono.

Hakunishika kwa nguvu. Nataka hilo lijulikane. Ningeweza kumsukuma. Lakini nje maji yalikuwa yakiruka kwa nguvu ambayo hatujawahi kuiona, watu walikuwa wakicheza ndani yake, na mke wangu alikuwa bado akipiga vigelegele. Nilisimama na ubao kifuani. Nilitazama mikono yangu niione itafanya nini, kama mtu anayetazama mikono ya jirani. Nilihesabu vidole. Vilikuwa vitano na vitano, vyote vyangu, na hakuna hata kimoja kilichosogea.

Mkono wa chuma unaoishikilia pistoni ulikatika. Ulitoboa ubavu wa Bwana ukatoka nje, ukapiga ukuta ukavunja tofali mbili. Gurudumu liliendelea kuzunguka kidogo kwa mazoea. Kisha likasimama.

*

Nje, bomba lilitoa maji ya mwisho likanyamaza. Ndipo tulipotazamana. Mji mzima ulikuwa umekuja kumwamsha mtoa maji, na kila mmoja alikuwa amekuja na kikombe cha simsim, na hakuna hata mtu mmoja aliyekuja na ndoo. Maji yote yalikuwa yamekwenda mchangani. Waliobahatika walikuwa wamekinga kwa vile vikombe vyao.

Hakuna aliyenilaumu. Ningependa wangenilaumu.

Bi Sikudhani aliingia chumbani, akatazama ubavu uliotoboka, akauweka mkono wake juu ya silinda iliyokuwa bado inachoma, akauondoa haraka. Alitoka akasimama mbele ya watu.

"Basi," alisema. "Leo ni Ijumaa."

Watu wazima walipumua kama waliotua mzigo. Kulikuwa na mzee aliyekaa chini akacheka. Miaka yote ile walikuwa wakiingoja ruhusa hii, na mimi nilidhani wanamngoja Bwana. Walianza kujitwisha mizigo. Mafungu ya birika yalikuwa yamekwisha kugawanywa, la kila mmoja kwa mwendo wake, na hakuna hesabu iliyowaweka wanaobaki.

Nilirudi nyumbani nikaketi kizingitini, kwa sababu kuingia sikuweza. Njia ya kutoka mjini inapita mbele ya mlango wetu, penye mtungi. Bi Sikudhani alipita wa kwanza. Alikuwa amekibeba kikombe chake cha maji kwa mikono miwili, asiyamwage. Alikimimina mtungini, akasema, "Msalimie," akaenda. Nyuma yake akaja mwingine, na kikombe. Na mwingine. Makame alikuja na kiganja, hakuwa na kikombe, maji yalikuwa yamemvujia njiani na kiganja kimebaki na unyevu tu. Aliupaka mtungi kwa nje, akanitazama, akaondoka. Mstari ulikuwa ule ule wa asubuhi. Ulipokwisha, vumbi lilikaa juu ya njia kwa muda, kisha likashuka.

Niliteka kikombe kimoja nikaingia. Mashavu alikuwa macho, uso unang'aa.

"Nimemsikia," alisema. "Alivuma vizuri. Ulimpa changu?"

"Nilimpa. Kilikuwa cha kwanza."

Nilimwinua kichwa. Alikunywa chote, akalamba midomo. "Maji yana simsim," alisema, akatabasamu. "Mbona umemzima mapema?"

"Leo Ijumaa, Mashavu. Anapumzika."

Alifumba macho, akafurahi na neno hilo kwa muda. Nje hapakuwa na sauti ya mtu wala kuku.

"Kesho je?"

"Kesho ni Jumamosi," nikasema.